Tausi Aliyevaa Kibao cha Mdalasini

Sogeeni hapa mkekani, wajukuu, na anayetafuna aache kwanza, nisikie masikio yenu tu.

Kwenye bustani ya mimea kule mwisho wa jiji, kila mti ulikuwa na kibao cha jina lake, na mlinzi alimfokea yeyote aliyegusa hata jani. Tausi, ndege wa majivuno, akayaona hayo akajiona kapata akili. Akang'oa kibao cha mdalasini, akakivaa shingoni, akaacha kabisa kukimbia maadui.

Siku moja Kanga, mwoga wa kuzaliwa, akamjia mbio.

"Kaka Tausi, mbweha karuka uzio. Twende juu mtini."

"Nendeni nyinyi msio na majina," Tausi akamjibu. "Chenye kibao hapa hakiguswi. Hata mabwana wenye magari wanazuiwa, sembuse mbweha?"

Kanga akaruka peke yake. Mbweha akafika, akakikodolea macho kile kibao.

"Kimeandikwa nini, bwana mkubwa?"

"Mdalasini. Kaa mbali."

"Nyama nimekula nyingi," Mbweha akasema, "ila hii ndiyo ya kwanza kunijia na kiungo chake shingoni."

Tausi akapiga kelele kumwita mlinzi. Mlinzi alikuwa langoni, anamgombeza mtoto aliyeshika ua.

Basi Mbweha akarithi shibe. Kanga, mwoga yule yule, akarithi bustani nzima, yeye na vifaranga wake. Na manyoya yale ya fahari akayarithi mfagiaji, akayafunga kwenye fimbo, akawa anatolea utando wa buibui chooni.