Picha za Kila Jumatatu

"Mama, usitikisike."

"Nitikisike niende wapi, na mguu wenyewe ndio huu?"

Binti alikuwa amepiga magoti sakafuni, simu mkononi, taa yake imewashwa. Mguu wa kulia wa mama ulikuwa juu ya stuli. Kidonda kilianzia chini ya dole gumba kikashuka kuelekea kisigino, na kando yake mama mwenyewe alishika rula ya karatasi kwa vidole viwili. Kazi hiyo hakumwachia mtu. "Wewe mkono wako unatetemeka," alisema kila wiki, na binti hakuwa na nguvu za kubishana.

Rula hiyo ndiyo iliyokuwa na kauli ya mwisho. Kliniki ilikuwa mbali, na mama alikatazwa kuukanyagia mguu, basi muuguzi aliwapa bunda la rula kumi na mbili: moja kila Jumatatu, ikishapigwa picha itupwe, maana imegusa usaha. Picha itumwe, kompyuta ipime. "Kompyuta haijui huu ni mguu wa mtu mzima au wa mtoto," alieleza. "Inaijua rula tu. Na wewe, dada, usiyaamini macho yako. Anayekitazama kidonda kila siku hakioni kikipona."

Siku ile ya kliniki kidonda kilikuwa na sentimita tano na nusu. Daktari alitoa miezi mitatu: kisipofika chini ya tatu, mguu unakatwa juu ya kifundo. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa imeuzoea mguu huo miaka thelathini na minne. Hakulia. Alilichukua bunda la rula, akalitia kwenye mkoba wake, akasema twendeni nyumbani.

Tangu hapo binti aliishi kwa Jumatatu. Aliamka saa kumi alfajiri kwenda kufagia ofisi za watu, akarudi mchana yu hoi, akachemsha maji, akasafisha kidonda, akafunga bandeji, akapika, akafua. Kuna siku alisinzia chakula kikiwa mdomoni. Kwake yeye kidonda kilikuwa kilekile. Mara nyingine alikiona hata kimepanuka, akajilaumu kwa kukata tamaa mapema. Mtu akichoka kupita kiasi, namba humliwaza kuliko macho, na namba zilikuwa nzuri. Tano. Nne na nusu. Nne.

"Hongera, dada," muuguzi alimpigia wiki ya saba. "Kinafunga vizuri. Ila mbona rula yenu siku hizi inaishia sita?"

Binti alimgeukia mama, aliyekuwa akipinda gauni la mteja kwa mkono.

"Mwambie naikata," mama alisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Ndefu inajikunja. Mimi na mkasi nani atatuachanisha?"

Muuguzi alicheka kule kwenye simu. Binti naye akacheka, mpaka akajishangaa, kwani hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho. Mama alimtazama kitambo, halafu akarudi kwenye gauni lake.

Wiki ya kumi na moja muuguzi alipiga simu mchana. Mbili nukta nane! Daktari alikuwa amelifuta jina la mama kwenye orodha ya upasuaji, nafasi apewe mgonjwa mwingine. Binti alikaa chini palepale, mgongo ukutani, akalia kilio cha mtu aliyetua mzigo. Alitamani kumwamsha mama ampe habari, lakini mama alikuwa amelala, mguu juu ya mto, na homa iliyomshika tangu juzi ilikuwa haijashuka. Mafua, alisema mwenyewe. Binti akaona amwache apumzike.

Kifungo cha shati lake la kazini kilikuwa kinaning'inia tangu Ijumaa. Akavuta droo ya cherehani kutafuta sindano.

Bunda la kliniki lilikuwa humo, chini ya chaki na nyuzi. Akahesabu. Rula zote kumi na mbili zilikuwapo, na mpira uliozifunga haujawahi kuguswa. Kando yake palikuwa na rula nyingine moja, iliyochorwa kwa kalamu ya wino, mistari yake imenyooka kama ya fundi anayejua kazi yake. Akachomoa moja ya kliniki, akazilaza mbili hizo pamoja. Zilikuwa na urefu mmoja. Ya kliniki ilihesabu mpaka kumi. Ile ya wino iliishia nne.

Alikwenda kitandani na ya kliniki, akafungua bandeji. Mama hakushtuka, mguu ule ulikuwa haujui maumivu siku nyingi. Binti aliiweka rula kando ya kidonda, akashika mkono wake kwa mkono mwingine usitetemeke, akasoma. Kidonda kilianzia kwenye sifuri, kikapita tano na nusu, kikapita sita, kikaishia kwenye saba.