Bomba Jipya la Moshi

Zamaradi alifungua nati ya mwisho, akalivuta bomba la moshi lililotobolewa na kutu, akalilaza uani. Baba mkwe wake, Mzee Kitwana, alikaa kwenye kigoda akiishikilia pikipiki isiyumbe. Zamani alipiga ngoma kwenye harusi za mji mzima. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa hasikii hata adhana.

"Hilo jipya nasikia lina kelele," jirani alisema kutoka ukutani. "Utamuua mzee."

"Hasikii, shangazi."

Alipachika gasketi ya kuziba mwanya kwenye injini, akainua bomba jipya, akakaza nati kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, lisikae upande. Kisha akapiga kiki.

Vikombe vikatetemeka kabatini. Kuku wakaruka ukuta. Jirani akaziba masikio. Zamaradi akanyoosha mkono kuzima, lakini mzee alimwahi, akamshika.

Alikuwa ameshavua kandambili. Nyayo zake zilitulia juu ya saruji, kiganja chake kingine kimelala kwenye tangi, na uso umefunguka kama wa mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali.

"Nani huyo anapiga?" aliuliza.

Zamaradi akajigusa kifua.

"Unakimbia mno, mwanangu. Nifuate mimi."

Vidole vya mzee vikaanza kugonga tangi, mapigo mawili mazito, moja jepesi. Zamaradi akavuta mafuta taratibu, akitafuta pa kuingilia kwenye mdundo wake.