Vazi la Kiyoyozi

Fundi aliinama nyuma ya nyumba, kwenye mashine ya nje ya kiyoyozi, akaangua kicheko. "Dada, njoo uone."

Mkamwana akaja akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Joto lilikuwa la kufa mtu. Tangu juzi, kiyoyozi kilipoacha kupoza, nyumba nzima ilikuwa ikilala sakafuni.

Mashine ilikuwa imevishwa kitambaa cha kufuma, chenye maua mekundu, kimeshonewa nailoni kwa ndani, na utepe umefungwa kifundo kama wa mtoto anayekwenda kwenye sherehe.

"Imezibwa pumzi," fundi alinong'ona.

Mkamwana aliujua mkono ule, wa mama mkwe wake. Makochi, redio, hata mtungi wa gesi, vyote vilikwishavishwa.

"Inaumwa nini?" mama mkwe aliuliza dirishani, jasho likimtiririka hadi kidevuni. "Maskini, inashinda juani peke yake. Ndiyo maana nikaifunika."

Mkamwana akageukia dirisha.

"Vumbi, mama. Ni vumbi tu."

"Si nilisema!" Mama mkwe akachangamka, akainua sindano na bonge jipya la uzi. "Basi hiki cha pili nakifuma kizito zaidi."