Jalada Jekundu la Mwalimu Mshangama

Sheria iliagiza kila mchoraji awe na mtindo mmoja uliosajiliwa, na kuta za nyumba zote zilikataa kuonyesha picha yoyote iliyokwenda kinyume chake. Asubuhi hiyo ukuta wa sebuleni uliikataa picha ya marehemu mke wa Mwalimu Mshangama, aliyoichora kwa penseli siku tisa mfululizo. Uliandika: Si mkono wake.

"Nani amenisajili?" aliuliza, akigonga sakafu kwa bakora.

"Mimi, babu," alijibu mjukuu wake Zaituni. "Nilitaka kukufurahisha. Mashine ya usajili ilitaka michoro ishirini ya mfano, nikaipa ile ya jalada jekundu."

Katika jalada hilo mzee alihifadhi michoro aliyoikosea makusudi, ili wanafunzi wake wajifunze kuepuka shingo zilizopinda na macho yasiyolingana.

"Umewapelekea makosa, Zaituni. Kwa makosa hayo nilichapa watu viboko."

"Usajili haufutwi, babu. Halafu watu wanaupenda mtindo huo. Shule zinaufundisha."

Mwalimu hakuweza kukubali mkewe akose nafasi katika nyumba waliyoijenga pamoja. Alichukua penseli, akaipinda shingo ya mkewe pichani, akalishusha jicho moja. Ukuta ukawaka, picha ikatokea.

"Huyo sasa ndiye bibi hasa," alisema Zaituni.

"Wewe hukuwahi kumwona," alijibu mzee, kisha akageuza kiti chake na kuupa ukuta mgongo.