Kitambaa Chekundu

Kazi ya Deolinda kanisani ilikuwa kusimama nyuma ya wanaoombewa, kuwadaka wakianguka, kisha kuwafunika magoti kwa kitambaa chekundu. Uamsho ulipokuja, mimbari akapewa mdogo wake.

Jumapili ya kwanza ya uamsho mama yao alikuja. Miaka yote Deolinda alimbembeleza aje kanisani, wapi. Mdogo mtu kahubiri mara moja tu, na mama huyo, chali, analia kwa furaha. Deolinda alimdaka, akamfunika, roho ikimuuma.

"Na wewe, dada," mdogo wake akasema, akimwekea kiganja kwenye paji la uso. Kilikuwa cha moto, kinanukia nazi ya tapioka, chapati ya muhogo aliyoipika Deolinda mwenyewe asubuhi.

"Mimi niko kazini," Deolinda akanong'ona. "Nani atanidaka?"

Mama akajizoazoa sakafuni, akaenda kusimama nyuma yake na kile kitambaa.

"Anguka tu, mwanangu. Au unangoja ahubiri mwingine?"

Watu wakacheka kidogo.

Kiganja hakikumsukuma. Kilikaa pale pale tu, kama kinamwomba.

Deolinda akakaza magoti. Nyuma yake akamsikia mama anakikunjua kitambaa.