Kadi Iliyosingiziwa

Mwantumu aliweka kadi ya michoro ya kompyuta aliyotaka kuiuza mezani kwa fundi Kombo, akatanguliza ukweli asije akaitwa tapeli.

"Imechoka, fundi. Marehemu mume wangu alikesha nayo studio miaka yote akihariri video za harusi. Nyumbani tulikuwa tunamwona alfajiri, macho mekundu."

Kombo alimulika feni za kadi, hazikuwa na vumbi. Akafungua skrubu, akagusa kwa ukucha ile pesti ya kupoza joto, ambayo hukauka kadi ikitumika sana. Ilikuwa laini bado.

"Unaisingizia, shemeji," akacheka. "Hii imewashwa mara mbili tatu tu, basi. Bahati yako, utauza vizuri."

Mwantumu, aliyetoka eda juzi, hakucheka.

"Angalia tena."

"Nimeangalia, shemeji. Kitu kilichokesha hujulikana."

Mwantumu alikumbuka uji aliokuwa akimpashia mumewe kila alfajiri, na pole alizompa akimvua viatu. Akanyoosha kidole, akaisukuma feni moja. Ikazunguka kimya, nyepesi kama mpya, wala haikutaka kusimama.