Kitufe cha Ruka

Mlinzi wa lango aliinua taa yake, akakohoa, akaposa tena.

"Wewe uliyejenga mto huu na mamba wake wote," alisema kwenye skrini, "anayeniandikia maneno yangu anauliza: utakubali kuolewa naye?"

Profesa alimsikiliza hadi mwisho, akazima kompyuta. Siku ya tisini na moja, na Fundi hajasema kitu.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mwandishi wa hadithi kwenye kampuni ya kutengeneza gemu, ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Jina alilipata kwa sababu hata akitaka kuazima kalamu, lazima aanze na utangulizi. Fundi alikuwa mwanamke wa meza ya dirishani, mjenzi wa mitego: mashimo, ngazi za kuporomoka, mamba.

Ofisi ilikuwa na utaratibu mmoja: anayejenga levo, yaani hatua moja ya gemu, ndiye anayesoma kila neno linalosemwa ndani yake, kisha anatia sahihi kwenye fomu. Profesa, ambaye hakuweza kumtazama Fundi machoni bila kumwaga chai, aliona hapo ndipo pa kupitia. Akaiweka posa yake mdomoni mwa mlinzi wa levo ya nne. Fundi angeisoma, angejibu, ingefutwa kabla gemu haijaenda sokoni.

Kesho yake fomu ilirudi. "Levo ya nne: nimepitia." Sahihi. Basi. Hata alama ya mshangao hakuna.

Asubuhi hiyo ya tisini na moja, Bosi aliita kikao.

"Jamani, majibu ya majaribio yametoka. Kati ya watu mia, tisini na sita wamebonyeza kitufe cha Ruka, maneno yapite, kila mlinzi akifungua mdomo."

"Na wanne?" Profesa aliuliza.

"Watatu walikuwa wameenda chooni. Mmoja hakuiona hiyo Ruka iko wapi."

Watu walicheka hadi viti vikalia. Profesa akasimama.

"Bila hadithi, Bosi, hii gemu ni mtu anarukaruka tu kama ana wadudu kwenye suruali!"

"Na bila kuruka," Fundi alisema taratibu, "ni kitabu kinachokula umeme."

Hilo lilimchoma. "Tatizo ni kwamba hata humu ndani kuna watu wanatia sahihi vitu wasivyosoma!"

Kila mtu akaangalia dari. Fundi peke yake alimwangalia yeye, akatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke kitu.

Baada ya kikao Fundi alimfuata kwenye birika.

"Profesa, umeshavuka mto?"

"Mto gani?"

"Wangu. Wa levo ya nne."

Moyo ulimlipuka Profesa, halafu ukazima. Levo ya nne, naam, lakini anauliza mto! Anataka asifiwe mamba wake. Mlinzi wangu amemruka tu, kama wale tisini na sita.

"Dada, mimi sivuki mito. Mlinzi akimaliza kuongea, nazima. Hadithi inaishia getini."

"Hata ukiombwa?"

"Hata nikipigiwa magoti. Kudandia magogo ni kazi ya nyani."

Fundi alijaza chai kikombe chake.

"Haya," alisema. "Nimeelewa."

Akaondoka bila kutia sukari. Na Fundi hutia vijiko vinne.

Miezi mitano baadaye kadi ya harusi ilizungushwa ofisini. Fundi alikuwa anaolewa na jamaa wa ofisini anayetia sauti kwenye gemu, mtu mpole aliyeshinda wiki nzima kwenye mto ule ule akitafuta mlio sahihi wa maji. Profesa alimpongeza kwa sentensi kumi na mbili. Kisha alirudi mezani, akaifuta posa, akaandika badala yake: "Leo kuna upepo." Alijifariji kwa jambo moja: angalau Fundi hakuisoma.

Jumamosi ya harusi, gemu ilikuwa na wiki moja sokoni. Profesa alikuwa sebuleni kwa mama yake, anapiga pasi shati. Mama, fundi cherehani mstaafu, alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya televisheni, padi ya kuchezea gemu mkononi, ulimi umetokeza kwenye pembe ya mdomo.

"Mama, ngoja basi, huyo mlinzi anasema..."

"Anasema kuna upepo. Nimeshamruka."

"Mama! Hayo nimeyaandika mimi!"

"Najua, mwanangu, na nakuombea. Sasa nyamaza, nina mamba hapa."

Vidole vilivyoshona sare za shule miaka thelathini vilianza kazi. Gogo la kwanza. La tano. La tisa likazama nusu, Mama akapiga yowe, akaruka, akatua ng'ambo. Mamba akatoka majini nyuma yake. Mama hakungoja salamu, akapanda mti.

"Huyu aliyejenga hapa ana akili," alisema akihema. "Atakuwa mtoto wa watu mwenye adabu. Mbona hukuniletea mkwe kama huyu?"

Profesa aligeuza shati, akaanza kola. "Harusi saa nane, Mama. Ukaoge."

"Nitaoga. Ee! Hebu ona. Kule chini nilidhani ni mawe tu, kumbe ukiwa huku juu ni maandishi."

"Yanasemaje?"

Mama alivaa miwani, akasogea karibu na skrini, akasoma polepole, herufi kwa herufi, kama anayepima kitambaa:

"NDIYO, PROFESA. UKIONA HAYA, NJOO UNIAMBIE."